Tabia njema inafundishika wodini? Jibu kwa mwalimu wa uuguzi wa Pemba

Swali limetoka kwa mwalimu kijana anaefundisha uuguzi Pemba, nimelifupisha kidogo: "Dada, asalam alaykum. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanafaulu somo la maadili vizuri sana, haki zote za mgonjwa wanazitaja kwa kichwa. Wakiingia wodini wanabadilika, wanajibu ovyo, hawafungi pazia, simu mkononi. Wenzangu wananambia tabia inatoka nyumbani, chuo hakiwezi kumtia mtu adabu. Na yupo mmoja, binti, ndie anaeongoza darasa zima, lakini kauli yake kwa wagonjwa mbaya mno. Nimfelishe? Au nifanye nini?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nianze na hao wenzako, maana hilo neno lao nalisikia kila pahala, Unguja na Pemba, "tabia ni ya kwao". Lina ukweli wake kidogo, mtoto aliekulia nyumba ambayo bibi akiugua anauguzwa kwa zamu na kila mtu anashika lake, huyo kaja na kitu tayari. Lakini watizame wanafunzi wako wiki ya kwanza wodini, wengi wana huruma mpaka inazidi, mgonjwa akifa wanalia, jioni wanarudi kumuangalia mzee waliemlisha uji mchana. Mwaka wa tatu hao hao wanapita ubavuni mwa kitanda mgonjwa anaita na hawageuki. Sasa kama tabia ni ya nyumbani tu iliondoka vipi, na nyumba ni ile ile? Marekani, chuo cha udaktari cha Jefferson pale Philadelphia, walipima huruma ya wanafunzi wao mwaka hadi mwaka wakatoa majibu 2009, na waliikuta inashuka mwaka wa tatu, yaani pale pale wanapotoka darasani kwenda kukaa na wagonjwa. Mie sikushangaa. Tabia tunaifundisha sana tena kila siku, ila tunachofundisha siku nyingi ni kinyume cha kilichoandikwa kwenye silabasi.

Kwa hiyo jawabu langu ni kwamba inafundishika, lakini haifundishiki ikiwa somo la pembeni lenye daftari lake na mtihani wake. Lazima iingie ndani ya kazi yenyewe, ndani ya sindano, ndani ya kubadilisha shuka, ndani ya kuandika chati, na aifundishe yule yule anaefundisha kazi ya mkono.

Mtihani wako wa maadili hebu uangalie unapima nini. Yupo mwanasaikolojia wa Marekani, James Rest, miaka ya 1980 aliligawa jambo hili mafungu manne na mie mpaka leo sijaona mgawanyo unaonifaa kazini kuliko ule. Kwanza mtu aone kwamba hapa pana jambo. Pili aamue lipi sawa. Tatu alitake hilo lililo sawa kuliko anavyotaka kumaliza kazi akakae. Nne awe na nguvu na ujuzi wa kulitenda hata kama wakubwa wanamtizama. Karatasi yako inapima la pili peke yake, na lenyewe ndo jepesi kuliko yote! Mwanafunzi anaepita bila kufunga pazia hajakaa akaamua kumdhalilisha mtu, hakuliona tu lile pazia. Jicho lake limefunzwa kutizama dripu imefika wapi.

Chukua kuweka mpira wa mkojo. Kwenye orodha ya hatua ipo moja juu kabisa, "linda faragha ya mgonjwa", inatiwa tiki na hakuna anaeisimamia. Sasa fikiria wodi zetu zilivo. Pazia limechanika au halipo, mgonjwa ni mama mtu mzima hajapata kuonwa na mwanamme isipokuwa mumewe, mwanafunzi ni kijana wa kiume miaka 20, na pembeni wamekaa jamaa wanne na chupa ya chai. Huyo kijana anatakiwa amuamkie, ataje jina lake, aseme anataka kufanya nini na kwa nini, aulize kama mama angependa afanyiwe na mwanamke na kama yupo amwite, awaambie jamaa kwa adabu "naomba mtupishe kidogo", kama pazia hakuna basi awaombe wanawake wawili wa kwao washike kanga, amfunue pale panapohitajika tu na akimaliza amfunike hapo hapo kabla hajakusanya vifaa vyake. Hiyo kazi ina mkono wake na ina mpangilio wake na inataka mazoezi vile vile kama kuvaa glavu bila kuzichafua. Mwanafunzi akiigusisha ncha ya mpira kwenye shuka unamsimamisha, anatupa, anaanza upya. Akimfunua mama wa watu kweupe msimamishe vile vile, aanze upya, uzito ule ule na alama zile zile. Stara kwenye kazi yetu ni kama udhu kwenye sala, ukiikosa huwezi kusema kwamba sala umesali ila umepunguza kidogo, haikusihi basi.

Nawajua wanaosema hayo mambo ya darasa la kwanza, kila mtu anajua kusema hodi. Anajua kwao. Wodini kavaa sare, ana haraka, anaogopa kukosea mbele yako, na vitu vyote alivyovijua nyumbani vinamtoka. Ndo maana narudia kwamba yafanyiwe mazoezi, tena kwa sauti, wakiwa wamelala kitandani wao wenyewe. Mwanafunzi mmoja avae lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma, apandishwe kwenye bedpani na mwenzake, alishwe uji na mtu anaeongea na simu. Robo saa tu. Utaona wenyewe wanavyoanza kulalamika, alafu ndo useme haya tuandike tunavyotaka kufanyiwa, na hiyo orodha waliyoandika wao itatumika wodini wiki ijayo.

Siri nayo inataka ufundi wake, na hapa vitabu vya nje havitusaidii sana kwa sababu vimeandikwa kwa miji ambayo nesi hamjui mgonjwa. Sie visiwa vyetu vidogo, mtu kalazwa Mkoani asubuhi, saa saba Micheweni washajua na washaanza kujadili. Mwanafunzi wako hatotoa siri kwa ubaya. Ataitoa harusini, kakaa na ma mdogo wake, anaulizwa "yule fulani nasikia yuko kwenu, ana nini khasa?" na kwetu mkubwa akikuuliza ukanyamaza hiyo ni jeuri, ni kiburi cha kusoma. Kwa hiyo ukimwambia tu "tunza siri" umemuacha peke yake. Mpe maneno. "Anaendelea, alhamdulillahi, nendeni mkamtizame atafurahi." Alafu waigize, mmoja awe ma mdogo, na umwambie asikubali haraka, ang'ang'anie, "mie mama yako unanificha?" Jawabu moja nililolisikia kwa mwanafunzi na tangu hapo nalifundisha: "Ma mdogo, hata wewe ukilazwa sitomwambia mtu." Ma mdogo yoyote akisikia hivo anatulia. Na picha za sare za kutia status zenye kitanda cha mgonjwa nyuma yake, hilo halina mjadala, kataza na toa adhabu.

Sasa nije kwenye uongo, kwa sababu hapo ndo nna wasiwasi napo kuliko kauli mbaya, na cha ajabu walimu wengi hawauhesabu kuwa ni tabia. Nenda wodi yoyote ukatizame chati, safu ya pumzi. Ishirini, ishirini, ishirini, kila mgonjwa pumzi 20 kwa dakika, asubuhi na jioni, mwenye nimonia na mwenye mguu uliovunjika. Pumzi kuhesabu inataka dakika nzima umesimama unatizama kifua, hamna mashine ya kukufanyia, basi inapikwa. Na pumzi zikianza kupanda ndo dalili moja ya mapema kabisa kwamba mtu anaharibikiwa, inatangulia presha kushuka. Yule alieandika 20 bila kuhesabu hakumtukana mtu, mpole, anasalimia vizuri, na kesho mgonjwa wake anazidiwa hakuna alieona! Mwanafunzi wa namna hiyo kwetu anasifiwa kwa tabia njema, wallahi.

Na kupika kunafunzwa na sisi. Tunakagua kama kisanduku kimejazwa, basi wanakijaza. Badilisha ukaguzi wako. Kila siku chagua mgonjwa mmoja tu bila kutangaza, hesabu mwenyewe, linganisha. Na watangazie kwamba ukikuta kisanduku kitupu na pembeni kumeandikwa "sikuwahi kupima" hutogomba, utauliza kwa nini na mtatafuta njia, ila namba ya kubuni ikijulikana ni kosa kubwa. Wiki za mwanzo utakuta vitupu vingi, furahi, maana sasa unaijua hali halisi. Vile vile siku mwanafunzi akija akakwambia "ticha, nimempa dozi ya kitanda cha pembeni", dakika ile ya kwanza unavyomjibu darasa zima linakutizama. Ukianza na mgonjwa, twende tukamuone, tumwambie daktari, tuandike, wamejifunza kusema. Ukianza na "mjinga wewe, nani kakuleta huku" wamejifunza kuficha, na watakuficha mpaka wanamaliza chuo. Nisisahau, na hiyo kauli yako kwao ndo kauli watakayompa mgonjwa, iko hivo.

Sasa haraka, nayo inamtoa mtu kwenye wema. Chuo cha dini cha Princeton, Marekani, watafiti wawili Darley na Batson walifanya jaribio lao likachapishwa 1973. Wanafunzi 40 wa uchungaji wanatumwa jengo la pili kutoa hotuba, wengine hotuba yenyewe inahusu ile hadithi ya Injili ya msafiri aliemsaidia majeruhi njiani. Njiani wamemuweka mtu kainama anakohoa na kuguna. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama wakamsaidia. Walioambiwa kwamba wakati ndo huu, asilimia 45. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Na kuwa kichwani umebeba hotuba ya wema hakukuleta tofauti ya maana. Mie kila nikiona mwanafunzi wa mwaka wa pili kaachiwa upande mzima wa wodi kwa sababu wafanyakazi hawatoshi, nalikumbuka jaribio lile. Hatuwezi kuajiri wauguzi mimi na wewe, hilo la serikali, lakini mwalimu ana uwezo wa kukaa na inchaji, yaani mkuu wa wodi, akasema wanafunzi wangu mwezi wa kwanza kila mmoja wagonjwa wawili, awajue majina, ajue nani anawaletea chakula, ajue wanaogopa nini, aandike pumzi za kweli. Baadae waongezwe. Ukimzoesha mtu wagonjwa 15 tangu siku ya kwanza umemzoesha kutowaona.

Kuna pahala ambapo tabia njema peke yake haitoshi na mwanafunzi asipokuwa na elimu ataharibu tu. Ramadhani mzee wa sukari anachoma insulini na anataka kufunga. Nimeona majibu mawili, mmoja anamkemea "unataka kufa?", mwengine anaona haya kuingilia ibada ya mtu mzima ananyamaza. Wote wawili hawakumsaidia. Anaejua kazi yake anakaa chini, anamuuliza mwaka jana alifunga vipi, anamwambia kuchoma kidole kupima sukari hakuharibu saumu maana wazee wengi wanaamini kunaharibu kwa hiyo hawapimi mchana kutwa, anamwambia sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L) afungue hapo hapo asingoje magharibi, na anamtafuta daktari dozi ipangwe upya kabla mwezi haujaandama. Heshima kwa imani ya mtu na usalama wake viko kwenye mazungumzo hayo hayo, na mwanafunzi asiejua hizo namba hata awe malaika hana cha kumwambia.

Sasa historia kidogo, nivumilie, maana ndo inaeleza kwa nini vyuo vyetu vinachanganya adabu na utiifu. Shule ya Nightingale pale hospitali ya St Thomas, London, ilipoanza 1860 kila mwanafunzi alikuwa na karatasi ya kila mwezi ya tabia: kuwahi, ukimya, kuaminika, usafi wa mwili, na uendeshaji wa wodi. Ukimya! Nesi mzuri ni yule asiesikika. Hata Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipotoa kanuni zake za kwanza 1953 zilimtaka nesi atekeleze amri za daktari kwa akili na kwa uaminifu, mpaka 1973 ndo ikaandikwa kwamba jukumu lake la kwanza ni kwa watu wanaohitaji uuguzi. (Na kwa nini siku zote tunaanzia London, hilo jengine. Wanafunzi wetu wengi hawajasikia habari za bibi Rufaida al-Aslamiyya, alieweka hema la majeruhi msikitini Madina zama za Mtume na akamuuguza Saad bin Muadh baada ya vita vya Khandaq. Wasimulie, utaona wanavyokaa sawa.)

Kwetu mkubwa hakosolewi, na mie sitaki tufute heshima hiyo, lakini mwanafunzi akiona dozi imezidi akanyamaza kwa adabu, mgonjwa ndie anaelipa. Mfundishe sentensi yenye adabu na yenye meno: "Sista, samahani, naomba tuitizame tena hii dozi kabla sijaichoma." Akikataliwa: "Naona wasiwasi kuichoma, naomba tumuulize daktari." Wafanye wawili wawili mpaka sauti iache kutetemeka. Na siku mwanafunzi akikukosoa wewe mbele ya wenzake na yuko sahihi, mshukuru hapo hapo. Ukinuna umevunja yote uliyojenga.

Najua unachotaka kuniuliza, je hao wakubwa wenyewe wodini? Mwanafunzi anafundishwa kumshika mama mkono kwenye uchungu, anaingia leba anamkuta mkunga mzoefu anapiga kelele, anampiga mama paja, "sukuma, ulipokuwa unaitafuta hukulia!" Na mkunga huyo ndie anaesaini kitabu chake cha fildi, yaani cha mafunzo ya wodini. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko 2014 kukataa udhalilishaji wa aina hii wakati wa kujifungua, kwa hiyo haya si ya kwetu peke yetu. Hali ya kujua la sawa na ukazuiwa kulitenda ilielezwa na Andrew Jameton mwaka 1984, mtu wa falsafa aliekuwa akiwaangalia wauguzi, na inaumiza kweli kweli, mwanafunzi anamaliza kwa kuchagua kimoja: aache kazi au aache kuhisi. Wengi wanaacha kuhisi. Na yule mkunga usimdharau, huenda na yeye alikuwa analia vile vile alipokuwa mwanafunzi, kisha akazalisha usiku miaka na miaka peke yake.

Unachoweza ni viwili. Chagua wa kuwakabidhi wanafunzi. Usimchague kwa cheo wala umri, kaa wodini siku mbili tatu usikilize nani ana kauli, hata kama ni nesi wa juzi, uwapange kwenye shifti zake. Cha pili, kila mwisho wa wiki nusu saa, mlango umefungwa, hakuna kutaja jina la mtu, suali moja tu: wiki hii umeona nini kilichokukera roho, na wewe ulifanya nini? Mwanzo watanyamaza, au watasema yanayokufurahisha. Anza wewe. Baada ya hapo itakubidi uwazuie ili mrudi nyumbani.

Kupima tabia usiulize insha ya "umuhimu wa huruma", utaandikiwa kurasa tatu tamu na alieandika ni yule yule mwenye simu mkononi. Waulize wagonjwa na wanaowauguza, ila usiwaulize "huyu kijana ana tabia nzuri?" kwa sababu watu wetu wana haya, watakwambia "mzuri, mwanangu, Mungu ambariki" hata kama kawatukana asubuhi. Uliza vitu vilivyotendeka. Alikwambia jina lake? Alikueleza kabla hajafanya? Alikufunika? Ndio au hapana, wagonjwa watatu au wanne kwa kila mwanafunzi kwenye kila rotesheni, yaani kila kipindi anachopangiwa wodi, na hapo unaona picha.

Haya, binti yako anaeongoza darasa. Usimfelishe sasa hivi, hujampa nafasi ya kujua kosa lake na chuo chako sidhani kama kina sheria iliyoandikwa ya kumfelisha kwa kauli, atakuja mzazi wake na wewe ndo utakaeonekana mbaya. Muite pembeni, usimwambie "una roho mbaya", mwambie Jumatatu bibi wa kitanda cha nne aliomba maji ukamwambia asubiri mwanawe aje, Jumatano ulifanya hivi, na umuache aseme. Wengine wenye akili sana wanakuwa wakali kwa sababu wodini hawana uhakika kama walivyozoea darasani, na ukali unawafichia. Wengine wanamuiga sista wanaemuona hodari. Muweke wiki mbili na yule nesi mwenye kauli, wagonjwa wawili tu, maswali yale matatu. Akibadilika kapita, usimkumbushe tena. Asipobadilika anarudia rotesheni na alama zake za darasani zisimuokoe, na ili hilo liwezekane nenda kwenye kikao cha taaluma mwezi huu kabla ya mitihani, mkaandike kwamba bila kufaulu mwenendo wa wodini mtu hafaulu fildi, wanafunzi wasomewe na wasaini. Leseni yake itatoka Baraza la Wauguzi na Wakunga, lakini Baraza halijawahi kukaa nae wodini, wewe ndie uliekaa nae. Na katika hizo wiki mbili zihesabu na pumzi za wagonjwa wake. Ukikuta anazipika, hiyo kesi nyengine kabisa, usiisubirishe.